Sindano za aleji San Antonio: kliniki ninayokwenda, uzuri wake na bili yake

Kila Desemba ikifika ukingoni napigiwa simu na watu wa jumuiya yetu hapa San Antonio wakiuliza swali lile lile: zile sindano za aleji ulizoanza, zinasaidia kweli au ni za kula pesa ya bima? Zinasaidia. Kliniki ninayokwenda naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyopungua imeondoka na mambo ya bili, nitayaeleza mbele. Jina la kliniki silitaji. Mtu akishaelewa huduma yenyewe inavyotakiwa kuwa, ataijua kliniki nzuri popote alipo, awe Dallas, Columbus au Toronto.

Mimi ni mtu wa Lushoto. Nimekulia kwenye baridi, ukungu na vumbi la barabara ya Shume, wala aleji sikuijua. Hata hapa Texas miaka ya mwanzo ilipita salama, nikawa nawaonea huruma wenyeji wanaopenga kamasi mwezi mzima wa Januari. Kisha ikanigeukia. Daktari alinieleza kwamba ndivyo inavyowapata wahamiaji wengi: mwili unakutana na chavua ngeni misimu kadhaa, unaizoea kwa macho tu, halafu mwaka mmoja kinga yake inaamua kwamba huyu ni adui.

Adui mwenyewe ni mti ambao watu wa hapa wanauita mwerezi wa mlimani. Umejaa kwenye vilima vya kaskazini na magharibi ya mji, na kwa ukoo ni ndugu wa mtarakwa wetu wa Shume na Magamba. Majira ya baridi ncha za miti dume hugeuka rangi ya kahawia iliyoiva, na upepo mkavu wa kaskazini ukivuma, chavua hutoka kwa wingi hadi mti unaonekana kama unafuka moshi. Hali hiyo huanza Desemba na kuendelea hadi Februari. Ukishaisha mwerezi, mwezi Machi mialoni inapokea zamu. Kwa mtu anayefanya kazi ya kutunza wazee usiku kama mimi, huo si usumbufu mdogo. Hakuna familia inayotaka kumwona mtunzaji anapiga chafya mfululizo juu ya kitanda cha mama yao.

Nilikuwa nimeshatumia vidonge vya aleji vya cetirizine, pamoja na dawa ya kupulizia puani na kusafisha pua kwa maji ya chumvi. Vyote vinasaidia na bado navipendekeza. Ila usiku pua ilikuwa inaziba kabisa, nikawa nahemea mdomoni, na kifua kikaanza kubana. Kifua ndicho kilichonipeleka kwa mtaalamu.

Ukipiga simu kuomba miadi, kitu cha kwanza watakachokuambia ni kuacha dawa za aleji kabla ya kipimo cha ngozi. Kliniki hii inataka siku 7. Dawa zinazohusika ni cetirizine, loratadine na jamii yake, na watu wengi husahau kwamba dawa nyingi za mafua na za usingizi zinazouzwa dukani bila cheti zina diphenhydramine ndani yake, nayo ni ya jamii hiyo hiyo. Soma nyuma ya boksi. Ile dawa ya kupulizia puani yenye steroidi huna haja ya kuiacha. Dada wa mapokezi alinitajia hayo yote kwa simu, akarudia, kisha akanitumia kwa ujumbe. Nilimpenda siku ile ile.

Siku yenyewe unaanza kwa kupuliza kwenye mashine ya kupima mapafu, halafu maswali. Maswali ni mengi na yasikuchoshe. Swali moja naomba kila mtu alisikie: je, unatumia dawa yoyote ya presha au ya moyo? Dawa ambazo majina yake huishia na -olol, kama atenolol, metoprolol na propranolol, zinaweza kuzuia adrenalini, ile dawa ya dharura, isifanye kazi vizuri endapo sindano ya aleji itakuletea shida kubwa. Wengi wetu tuna presha, na wengi tunameza vidonge tulivyoletewa kutoka nyumbani ambavyo havimo kwenye kompyuta ya daktari yeyote wa hapa. Vitaje. Leta na boksi lake. Pumu nayo ni hivyo hivyo: pumu isiyotulia ni sababu ya daktari kukukatalia kuanza, kwa sababu waliopoteza maisha kwa sindano hizi, ambao ni wachache sana, wengi wao walikuwa na pumu iliyokuwa imewazidi.

Kipimo walinifanyia mgongoni. Nesi alichora mistari kwa kalamu, akaandika namba, halafu akanigusisha vijiti vya plastiki vyenye ncha fupi, kila kimoja na tone lake: mwerezi, mwaloni, nyasi ya bermuda, ragweed (gugu la hapa lenye chavua inayosumbua), paka, mbwa, mende, kuvu, utitiri wa vumbi la nyumbani. Damu haitoki. Matone mawili ni ya kulinganishia tu. Moja ni maji ya chumvi, hilo halitakiwi kufanya kitu. La pili ni histamini, kemikali ile ile ambayo mwili hutoa wakati wa aleji, hilo linatakiwa livimbe kwa kila mtu. Histamini isipovimba, maana yake bado una dawa mwilini na kipimo hakisomeki. Kisha unakaa dakika 15 hadi 20 bila kujikuna. Nakuambia kweli, hizo ndizo dakika ngumu kuliko sindano zote zilizofuata.

Na hapo ndipo kliniki hii iliponipata. Picha nyingi za kipimo hiki zinaonyesha wekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yangu wekundu hauonekani, na mtu anayesoma kwa kutazama tu atapita. Nesi aliyenisomea, mama wa makamo, hakubabaika. Alizima taa ya juu, akachukua tochi ndogo akaimulika kwa ubavu ili kila uvimbe utupe kivuli, kisha akapitisha ncha ya kidole taratibu kutoka namba moja hadi nyingine. Alipogusa palipoinuka alizungushia kalamu kwenye ukingo, akaweka rula ya milimita. Uvimbe unaouzidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi unahesabika. Wa mwerezi ulikuwa mkubwa na umetoa vijimkia pembeni. Sehemu ya mbwa na paka haikuinuka kabisa, baba watoto alifurahi kuliko mimi. Utitiri ulivimba, kuvu ilivimba, mende pia. Wenzangu wenye ngozi nyeusi, mkiona nesi anasimama hatua mbili nyuma na kuandika kwamba hakuna kitu, mwombeni apapase. Ni haki yako na hutaonekana mkorofi.

Daktari alikaa nami muda mrefu kuliko nilivyozoea nchi hii. Alinieleza kwamba wazo lenyewe si geni: Leonard Noon aliandika kulihusu kwenye jarida la The Lancet mwaka 1911, baada ya kuwadunga wagonjwa dawa iliyotengenezwa kwa chavua ya nyasi huko London. Unadungwa kitu kile kile kinachokusumbua, kwa kiasi kidogo mno, halafu kinaongezwa hatua kwa hatua hadi kinga ya mwili ijifunze kukivumilia. Alisema wazi kuwa ni safari ya miaka 3 hadi 5. Miezi ya mwanzo, kwa kawaida 3 hadi 6 na pengine zaidi, unakwenda mara moja au mbili kwa wiki. Ukishafika kwenye kipimo cha juu unakwenda kila baada ya wiki 2 hadi 4. Nilimuuliza kuhusu vidonge vya kuweka chini ya ulimi, maana rafiki yangu wa Ohio anavitumia. Akasema vizuri tu kwamba FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliidhinisha vya nyasi na vya ragweed mwaka 2014 na vya utitiri mwaka 2017, lakini cha mwerezi huu hakimo. Nilimuuliza pia kuhusu mwanangu asiyeweza kula karanga. Sindano hizi si za aleji ya chakula, alisema, na hakuning'ang'aniza tumlete.

Hakunisukuma nianze siku ile. Alinipa karatasi ya makubaliano niende nayo nyumbani, ikiwa imeandika hatari zote bila kuficha, na akaniambia: "Kama ratiba yako ya kazi haikuruhusu kuja kila wiki, afadhali usubiri." Neno hilo nimelirudia kwa kila aliyenipigia simu. Mtu anayeanza akaacha, akaanza tena akaacha, hapandi ngazi, anabaki kulipa.

Sindano yenyewe basi. Dawa yako inachanganywa kwa ajili yako peke yako, ina jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa, na inakaa kwenye friji ya kliniki. Mimi nina chupa mbili kwa sababu kuvu na mende vina vimeng'enya vinavyoharibu chavua vikichanganywa pamoja, kwa hiyo ninadungwa mkono huu na mkono ule. Vifuniko vya chupa vina rangi, na rangi ndizo zinazokuonyesha umefika wapi: unaanza na iliyozimuliwa sana, ya rangi ya fedha au ya kijani, unakuja bluu, halafu njano, mwisho nyekundu, na kila rangi ina nguvu mara 10 ya ile iliyoitangulia. Sindano ni nyembamba na fupi, inaingia chini ya ngozi nyuma ya mkono wa juu, kwenye nyama laini. Kipimo cha kwanza kilikuwa mililita 0.05, tone tu. Haiumi kama ya tetenasi. Mtu aliyezoea sindano za kwinini za zamani hatashtuka hata kidogo.

Kabla ya kudunga, nesi ananiuliza maswali yale yale kila mara. Umekohoa wiki hii? Umetumia dawa mpya? Una homa? Una ujauzito? Mkono ulivimba mara iliyopita, na ulivimba kiasi gani? Ananipulizisha kile kibomba cha kupima nguvu ya pumzi. Ananisomea jina langu kwenye chupa na kunigeuzia nilione mwenyewe. Hata tulipokuwa tumeshazoeana, hata siku foleni imefika mlangoni, hajawahi kuruka swali moja. Mwanzoni baadhi ya wagonjwa hunung'unika. Mimi nafanya kazi ya kugawa dawa kwa wazee na najua makosa yanaingilia wapi: yanaingia siku mtu anapomwambia mwenzake "wewe nakujua, pita."

Kisha nusu saa. Ukishadungwa unakaa dakika 30 kwenye chumba cha kusubiri wanapoweza kukuona, wala si kwenye gari, wala si dukani ng'ambo ya barabara. Nesi anakuwekea kisaa kidogo cha kubandika nguoni, na kikilia anakuja kuitazama mikono yote miwili ndipo anakuruhusu. Sababu ni kwamba shida kubwa zikija huja zaidi ndani ya muda huo. Najua kuna mahali wanamwacha mgonjwa aende akisema ana haraka. Shoga yangu alikuwa anakwenda kliniki moja ya namna hiyo katika mji mwingine, akiisifu kwa wepesi wake, anadungwa na kuondoka. Mimi wepesi huo ungenitoa mbio.

Maana siku yangu ilifika. Nilikuwa kwenye chupa ya njano, majira ya mwerezi yamepamba moto nje. Sikuwa na dalili yoyote wakati wa maswali. Nimekaa pale, kisaa hakijafika nusu, viganja vikaanza kuwasha, hasa kati ya vidole. Halafu masikio kwa ndani, halafu chafya tatu nne, na woga mzito usio na sababu ukanishika kifuani. Nilinyanyua mkono tu. Sikumaliza sentensi. Nesi yule mama wa makamo alinishika kiwiko, akaniingiza chumba cha ndani, akanilaza na kuniinua miguu, na mwenzake akanidunga adrenalini pajani juu ya suruali huku daktari anaingia. Hawakuanza na kidonge, hawakusema tusubiri tuone. Moyo ulidunda kwa nguvu na mikono ikatetemeka, wakanieleza kwamba hiyo ni kazi ya adrenalini yenyewe. Muda si mrefu mwasho ulishuka na kifua kikafunguka. Walinipima presha mara kwa mara, wakanikalisha pale mpaka mchana, wakampigia baba watoto aje anichukue, na jioni daktari mwenyewe alinipigia simu nyumbani.

Sindano iliyofuata walirudisha kipimo nyuma hatua kadhaa, tukapanda tena polepole. Daktari aliniandikia pia EpiPen, kalamu ya kujidunga adrenalini mwenyewe, na tangu hapo haiachi mkoba wangu. Nawaeleza haya kwa urefu kwa sababu hili ndilo jambo ambalo watu hawaambiwi kwa lugha yao, na kwa sababu ndilo lililonifanya niendelee. Niliona kwa macho yangu kwamba maswali yale, kisaa kile na viti vile vigumu vina kazi. Shida ya namna hii haiwapati wengi. Kinachowapata wengi ni mkono kuvimba na kuwasha siku moja au mbili. Kitambaa cha baridi na kidonge cha cetirizine vinatosha. Ukivimba zaidi ya kawaida, sema siku ya kurudi, watakutazamia kipimo. Na siku ya sindano usiende mazoezini saa mbili kabla na saa mbili baada yake.

Pale chumba cha kusubiri ndipo nilipokutana na mama mmoja wa Bukavu. Alinisikia nikiongea na mwanangu kwa simu, akageuka uso umechangamka: "Mama, unasemaka Kiswahili?" Alikuwa na mtoto wake wa kiume wa miaka saba, pumu na utitiri wa vumbi. Walikuwa wamempa karatasi ya makubaliano kwa Kiingereza, ameishika tu. Nilimpeleka mapokezi, nikamwombea mkalimani wa Kiswahili, na nasema kwa haki ya kliniki hii, hawakuuliza mara mbili. Walileta kompyuta ndogo yenye mkalimani kwenye skrini, mama akaulizwa na kujibu mwenyewe yote, mpaka habari ya dawa alizokuja nazo kutoka kambini. Nilichukia jambo moja, kwamba mpaka aombe. Kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani, Medicaid kwa mfano, ile bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo, zinatakiwa kutoa mkalimani bila malipo, na si sawa kumtumia mtoto atafsiri maneno ya hatari kwa mzazi wake. Mpelekeni ujumbe huo kila mama wa Kikongo mnayemjua: sema "Swahili interpreter" pale dirishani, maneno hayo mawili yanatosha.

Sasa bili. Nilikuwa nimeuliza mapema nitalipa kiasi gani kila nikija, nikatajiwa kiasi changu cha bima kwa kila ziara, nikaridhika. Hakuna aliyeniambia kwamba kuchanganya zile chupa ni malipo mengine kabisa. Barua ilikuja Januari, wakati mwaka mpya wa bima umeanza na kile kiwango unachotakiwa kukimaliza mwenyewe mfukoni hakijaguswa. Nilikaa nayo mezani, nimetoka zamu ya usiku, nimechoka hoi, nikidhani wamenichanganya na mtu mwingine. Hawakunichanganya. Ofisi ya malipo ya kliniki iko mji mwingine, ukipiga simu unasikilizishwa muziki, na mtu anayepokea hajui chupa ni nini. Mwishowe walinigawia kwa awamu, lakini nililazimika kuomba, tena kwa barua. Watu wanaoweza kurudia jina la mgonjwa kila wiki bila kuchoka wangeweza pia kuandika mstari mmoja wa bei kwenye karatasi ya makubaliano. Hilo linaniuma kwa sababu namjua dada wa Kirundi aliyeacha sindano katikati kwa barua kama ile, na alikuwa ameshafika kwenye chupa ya bluu.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya kusaini, pigieni bima yenu wenyewe, muwape namba tatu ambazo kliniki huzitumia kwenye bili: 95165, ambayo ni ya kutengeneza dawa, 95115, ya kudungwa sindano moja, na 95117, ya kudungwa mbili au zaidi. Ulizeni kwa kila moja wanalipa kiasi gani, na 95165 wanakubali dozi ngapi kwa mwaka. Andikeni jina la aliyewajibu na tarehe. Ukiweza, anza mwishoni mwa mwaka ambao umeshakimaliza kile kiwango cha mfukoni cha bima yako, ili chupa za kwanza ziingie humo.

Jambo la safari nalo watu huniuliza, maana sote tunakwenda nyumbani. Chupa haziendi Lushoto kwenye begi. Zinataka baridi ya friji, na hazidungwi nyumbani bila daktari na adrenalini kuwa karibu, hata kama una shemeji nesi. Mimi nilipokwenda kumuuguza mama, walinieleza kabla ya safari kwamba nikirudi kipimo kitashushwa kulingana na muda niliokosa, na ndivyo ilivyokuwa. Nilipoteza hatua, sikuanza upya. Kama unajua utakaa miezi, sema mapema. Kwa wenye ujauzito, kawaida yao ni kutoanzisha sindano wakati huo, lakini aliyekuwa ameshafika salama kwenye kipimo cha kudumu huendelea nacho bila kukipandisha.

Na matokeo? Majira ya baridi ya kwanza sikuona tofauti kubwa, nilikuwa bado napanda ngazi na dawa zangu nilizitumia kama zamani. Aliyekuahidi nafuu mwezi wa kwanza anakudanganya. Ya pili ndiyo niliyoisikia. Upepo wa kaskazini ulivuma wiki nzima, magari yamefunikwa vumbi la njano, na mimi nililala mdomo umefungwa. Kifua hakikubana. Cetirizine nameza siku chavua ni nyingi sana, dawa ya puani bado ninayo, na magodoro yote nyumbani yamevalishwa mifuko ya kuzuia utitiri kwa sababu sindano haiondoi kazi hiyo. Kazini napokelewa bila kutazamwa pua. Mzee mmoja ninayemtunza, mwenyeji wa vilima hivyo hivyo, aliniambia amepambana na mwerezi tangu utoto na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba kuna sindano. Binti yake ameshachukua miadi kumuulizia, na nimemsisitizia atangulize orodha ya dawa za moyo za baba yake.

Kwa atakayekwenda wiki hii: saa za sindano kwenye kliniki hii hazihitaji miadi, ila kuanzia saa tisa alasiri shule zikifungwa pamejaa watoto na kusubiri kudungwa peke yake kunaweza kuchukua saa nzima, kabla hata ya ile nusu saa yako. Nenda asubuhi wakifungua saa mbili. Vaa blauzi ya mikono mipana inayopanda hadi begani, kula kitu kabla, na kama umetoka zamu ya usiku waambie, wana kiti kimoja cha kuegemea pembeni ya dirisha la nesi na watakupa bila ubishi.